Mzee Eliufoo Aliyekwenda Kutazama Milango

Wapare hutaniwa kwamba Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wengi husikia wakacheka. Mzee Eliufoo hakuwahi kucheka, kwa sababu yeye ng'ombe aliuza kweli.

Kuku mwenyewe alikuwa tetea mwekundu, aliyekanyagwa na baiskeli ya jirani yake Rodrick kwenye njia ya kuelekea kanisani. Rodrick aliomba radhi siku ileile, akaleta kuku mwingine mnene zaidi. Eliufoo akamkataa. Alitaka itamkwe mbele za watu kwamba njia ile kuku walikuwa na haki nayo kabla ya baiskeli. Kesi ikaanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, ikaenda baraza la kata, ikateremka mlima mpaka Same mjini, na kila ilipoteremka Eliufoo aliteremka nayo, na nyuma yake mashahidi waliotaka nauli na chai. Akashinda. Siku hiyo alipanda mlima akiimba, na alipofika nyumbani zizi lilikuwa na nafasi ya ng'ombe mmoja. Hakuona hasara. Heri shari kamili kuliko nusu shari, alisema, akala makande yake akalala.

Huyo ndiye mtu ambaye mwaka jana, baada ya kuvuna maharage, alitangaza kwamba anakwenda Unguja kutembea.

"Kutembea?" Rodrick alimuuliza. Walikuwa kwenye msaragambo, kijiji kizima kikizibua mfongo unaoleta maji mashambani. "Una kesi huko?"

"Naenda kuuona mji. Wazungu wanatoka kwao kuja kuuona, mimi niliye jirani nisiuone?"

Watu wakatazamana, wakaendelea kutoa matope. Kila mmoja alijua Unguja kuna nani.

Yupo Jesca, mtoto wake wa kwanza. Jesca alisomea upishi, akapata kazi katika hoteli moja kule, na huko akapatana na Yunus, fundi wa kuchonga milango. Siku washenga wa Yunus walipopanda mlima kuja kuposa, Eliufoo aliwapokea vizuri, akawapa viti, akawasikiliza mpaka mwisho. Aliposikia kwamba binti yake atafuata dini ya mumewe, alisimama katikati ya ua, mbele ya ukoo mzima, akaapa kwamba mguu wake hautavuka kizingiti cha nyumba ya Jesca mpaka siku anaingia kaburini. Ndoa ikafungwa Unguja bila yeye. Na kwa kuwa neno la Eliufoo likishatoka halirudi, hata pale yeye mwenyewe anapotamani lirudi, miaka ikapita.

Yote hayo angeweza kuyabeba. Kilichomkaa kooni ni jina. Katika ukoo wao mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba, na wa pili hubeba la babu mzaa mama. Jesca alipojifungua mtoto wa pili wa kiume, Eliufoo alinyoa ndevu, akavaa koti la Jumapili katikati ya wiki, akakaa karibu na simu ya mkewe. Simu ikalia. Koleta akazungumza, akacheka, akafuta machozi, kisha akamgeukia mumewe akasema mtoto anaitwa Chande.

"Chande ni nani?" aliuliza Eliufoo.

Koleta akasema hajui. Katika ukoo wao hakuna Chande, wala katika ukoo wowote wanaoufahamu kuanzia Makanya mpaka Bendera. Eliufoo akavua koti. Tangu siku hiyo alikuwa akishika jembe anasikia Chande, akisali anasikia Chande. Kwa hiyo alipofunga safari, mdomoni alikuwa na utalii, moyoni alikuwa na shauri.

Koleta hakumzuia. Alimfungia mfuko wa mahindi yaliyokobolewa vizuri na maharage mekundu, ili wajukuu waonje makande ya bibi yao. Alipomtwisha begani alisema neno moja tu.

"Ukimwona mtoto, mshike."

Mji Mkongwe haukumpendeza tangu aliposhuka kwenye boti. Kabla hajaiweka miguu sawasawa, kijana mmoja alikuwa ameshamganda. Wenyeji wenyewe huwaita vijana hao papasi, yaani kupe, na Eliufoo aliyefuga maisha yake yote aliona jina limepata mwenyewe.

"Mzee, nikutembeze? Nina hoteli nzuri, nina shamba la viungo, nina kisiwa cha kobe."

"Kobe wamejaa kwetu Upare, kijiji cha Kisiwani, na hatuwatozi watu kiingilio."

"Basi karibu Unguja, mzee."

"Nimeshakaribia. Niondokee."

Hakuondoka. Alimfuata mpaka kwenye nyumba ya wageni, na kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni akimngoja. Jina lake Loth, na alisema mama yake ni mtu wa Gonja, kulekule Upare, jambo ambalo Eliufoo hakuliamini hata kidogo, ingawa mwishowe alimruhusu kutangulia mbele, kwa sababu ule mji ni mtego. Vichochoro vinakunja, vinarudi, vinakutema palepale ulipoanzia. Nyumba zimesogeleana kama watu wanaosengenya. Jua halifiki chini, na pale unapodhani uko peke yako pikipiki inakutokea nyuma ya magoti. Eliufoo alipigiwa honi mara nyingi sana siku ile, na kila mara alisimama katikati ya njia, akageuka, akamtazama mwenye pikipiki mpaka yule kijana akashuka akaisukuma. Ya kuku na baiskeli alikuwa hajayasahau.

Kuta alizitazama kwa dharau. Chokaa imebanduka, mawe yako nje, mbao zinashikilia roshani zisianguke. Watu wanatoka Ulaya kuja kupiga picha nyufa. Kwao mtu akiacha ukuta ukafika hivi, wajumbe wanamwita wamuulize kama ni mgonjwa. Aliketi kwenye baraza ya jiwe apumzike, kofia kichwani, mfuko wa mahindi miguuni, na mama mmoja wa Kizungu akampiga picha. Eliufoo akainuka.

"Umeniomba?"

Yule mama akatabasamu, akasema jambo. Eliufoo akamtaka Loth amwambie kwamba uso wake hauko kwenye maonyesho. Loth akasema maneno mengi ya Kiingereza kwa sauti tamu, yule mama akafurahi, akapiga nyingine.

Walifika kwenye mabafu ya zamani, yaliyojengwa enzi za sultani. Hapo Eliufoo alisimama kwa mara ya kwanza bila kulalamika, maana Loth alimwonyesha mahali maji yalipopita. Mifereji ilikuwa imejengwa kwa ustadi, na mtu wa mfongo anajua mfereji akiuona. Akachuchumaa, akapitisha kidole.

"Huu msaragambo aliuita nani?"

"Msaragambo ndiyo nini, mzee?"

"Kijiji kutoka pamoja kuchimba njia ya maji. Asiyetoka anatozwa faini."

Loth akacheka. Akasema hapa hakuna kijiji kilichotoka. Waliochimba walichimbishwa, na waliooga walikuwa wengine.

Eliufoo akasimama, akajipangusa magoti. "Basi hakuna cha kutazama," akasema, akatoka nje.

Mahali pamoja tu alikosa ukali. Ni kule kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, katika chumba cha chini ambacho mtu anaingia ameinama na kukaa ameinama. Alivua kofia. Walipotoka, wale waliokuwa chumbani pamoja naye walikwenda moja kwa moja kununua aiskrimu. Akawaangalia wanavyoilamba. Chuki aliyokuwa nayo kwa mji ule, ambayo mpaka hapo ilikuwa ya kununa tu, ikawa chuki kamili. Mji huu umeuza kila kitu, alifikiri, mpaka kilio chake. Na binti yangu umemchukua.

Mchana alimfukuza Loth kwa kumwambia anakwenda kulala. Kumbe mtaa wa Yunus alikuwa ameshauulizia.

Alipita mtaa huo kama mtalii, mikono nyuma, akitazama milango. Milango ya Unguja ndicho kitu ambacho kila mtu alimwambia asikose kukiona, na yeye alikuwa ameikosoa yote. Huu mkubwa kuliko nyumba, huu una misumari ya shaba kana kwamba unangoja vita, huu umechongwa samaki na mnyororo wa nini. Akafika kwenye mlango mmoja mpya, wa mti mwekundu, akasimama. Huu haukuwa na misumari. Ulichongwa majani tu, kutoka chini mpaka juu, majani marefu yanayochanika pembeni, na ilimchukua muda kutambua kwamba ni migomba. Shamba zima la migomba, na katikati yake mstari mwembamba unaoshuka ukipindapinda. Ulikuwa mfongo. Aliusogelea. Alitafuta kosa, maana alikuwa hodari wa kutafuta kosa, akalikosa.

"Babu, unatafuta nini?"

Mtoto wa kiume alikuwa amekaa kwenye baraza, pembeni ya mlango, ana gari la kopo. Alikuwa na paji la uso pana. Eliufoo alilijua paji hilo, huliona kwenye kioo kila Jumapili anaponyoa ndevu.

"Natazama mlango," akasema.

"Kauchonga baba. Mama ndiye aliyemwambia achonge majani."

"Unaitwa nani?"

"Chande."

Hapo ndipo mambo yangeweza kuishia. Baraza ilikuwa na nafasi. Mfuko ulikuwa begani. Ndani alisikia sauti ya Jesca ikimwita mtu alete maji, sauti ileile iliyokuwa ikiwaita mbuzi kule mlimani, na angesema hodi tu, hata bila kuvuka, angeitikiwa. Lakini alikuwa ameambiwa Chande kwa mdomo wa mtoto mwenyewe. Damu ikampanda. Akageuka akaenda kumtafuta sheha, ambaye kule ndiye kiongozi wa mtaa, ili afungue kesi.

Sheha alikuwa mzee mnene, mpole, amekaa nje ya nyumba yake akipepea kwa gazeti.

"Unamshitaki nani, mzee mwenzangu?"

"Yunus fundi milango na mkewe."

"Wamekufanyia nini?"

"Wamenidhulumu jina."

Sheha akaacha kupepea. Akasema jina haliibiwi, mzee bado analo.

"Ninalo, lakini wamelinyima mtu wa kulibeba. Nikifa linakufa. Kwetu hiyo ni kesi."

"Kwetu si kesi," akasema sheha. "Lakini umetoka mbali. Njoo kesho asubuhi, nitawaita."

Usiku ule Eliufoo alilala vizuri, kama alivyolala kila mara shauri linapokuwa limeshapangiwa siku.

Asubuhi Jesca alikuja na mumewe, amevaa buibui, amenenepa kidogo. Akapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu Eliufoo, akiutazama ukuta.

Yunus naye akamwamkia, akajibiwa vilevile na ukuta uleule. Sheha akampa Eliufoo nafasi aanze. Akasimama, akavua kofia, akaeleza utaratibu wa ukoo tangu mwanzo: nani alimpa nani jina, babu yupi alirithiwa na mjukuu yupi, mpaka akafika kwa Chande asiye na mizizi. Alizungumza vizuri. Hata Rodrick angekubali kwamba alizungumza vizuri. Alipokaa, Yunus akasema yeye hana neno, jina ni la mzee. Sheha akamtazama Jesca.

Jesca ni mtoto wa baba yake. Naye alisimama, akajifunga ushungi vizuri.

"Baba amesema kweli, lakini amesema nusu. Kwetu jina la babu halitolewi na baba wala mama. Babu mwenyewe anaingia nyumbani, anakaa, anawekewa mtoto magotini. Anamtemea mate kidogo kifuani, analitamka jina. Mpaka siku hiyo mtoto anaitwa lolote la kungojea. Ndivyo, au sivyo?"

Eliufoo hajawahi kusema uongo barazani. "Ndivyo," akasema.

"Chande ni jina la kungojea. Ni la kinyozi jirani yetu. Tunakungoja tangu mtoto hajaota meno, baba. Nilitaka kukupigia, mama akanikataza. Alisema ukiitwa hutakuja. Utakuja siku ukiwa na kesi."

Utaratibu wote ule Eliufoo aliujua. Yeye mwenyewe alimpa jina mjukuu wa nduguye kwa njia hiyohiyo, magotini, kwa mate. Miaka yote hii alikuwa ameikariri sheria nzima, akaruka mahali panapomtaka yeye anyanyuke aende. Aliona aibu. Lakini aibu kwa mtu kama huyo haikai, na sheha naye, kwa wema wake, hakuiacha ikae.

"Basi mzee umeshinda," akasema. "Jina ni lako, wote wamekubali. Twende ukalitoe."

Umeshinda. Neno hilo lilimpasha moto kifua kizima. Wakatoka pamoja, na kwa urefu wa kile kichochoro mji haukumkera. Alimpisha hata mwenye pikipiki. Wakafika kwenye mlango wa migomba. Mtoto alikuwa palepale na gari lake la kopo. Jesca akamwingiza ndani, Yunus akafuata, sheha akasogea pembeni ampishe mzee.

Vizingiti vya milango ile viko juu, vinamtaka mtu anyanyue mguu makusudi. Eliufoo akakitazama kile kizingiti, akasimama.

"Mleteni hapa nje," akasema.

"Jina halitolewi barabarani," Jesca alijibu kutoka ndani. "Mtoto wangu si wa kuokota."

"Niliapa."

"Aliyeapiwa ni mimi, baba. Nimeshasamehe. Ingia."

Sheha akacheka kidogo, akijaribu kulainisha. "Nyumba njema si mlango, mzee. Fungua uingie ndani. Na huu umeshafunguliwa."

"Ukoo mzima ulinisikia," akasema Eliufoo. "Nikivuka hapa, watasema Eliufoo ameshindwa."

"Na nani?" aliuliza Jesca.

Eliufoo alisimama na mfuko wake begani. Mtoto alichoka kungoja watu wazima, akatoka, akakaa juu ya kizingiti chenyewe, miguu nje, mgongo ndani.

"Babu, umekuja kutazama mlango tena?"

Mkono wa Eliufoo ukanyanyuka. Paji lile lilikuwa karibu naye kiasi cha kuligusa bila kuinama sana. Na hapo kundi la watalii likatokea kwenye kona, Loth akiwa mbele yao, akieleza kwa sauti habari za mlango maarufu wenye migomba. Waliona mlango, mzee na mtoto, picha iliyokamilika. Wakanyanyua simu zao wote kwa pamoja.

Eliufoo akageuka. Hasira yote ya mji ule, ya honi na aiskrimu na ukuta, ikamtoka hapo. Aliwafokea kwa Kiswahili, akawafokea kwa Chasu, lugha ya kwao, akamtisha Loth kwamba atamshitaki, akamtaka sheha awe shahidi. Watalii wakarudi nyuma wakiomba radhi. Kundi lote likatoweka kwenye kona, likashindwa kabisa. Alipogeuka kumaliza habari yake, kizingiti kilikuwa kitupu. Jesca alikuwa amembeba mtoto ndani. Mlango ulibaki wazi kidogo, na hakuna aliyetoka tena.

Akangoja. Sheha naye akangoja kwa heshima, kisha akakumbuka ana kazi. Eliufoo akaenda bandarini.

Boti ilikuwa imeshang'oa nanga alipohisi bega linauma, akaushusha mfuko, akakumbuka ulikuwa wa nani.

Aliporudi mlimani Rodrick alimsimamisha njiani, akamuuliza mji ukoje. Mji mbovu, akasema, ni milango tu. Akapita. Koleta alikuwa jikoni. Aliupokea mfuko, akaupima mkononi, akajua.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Umemshika?"

"Nilishinda, Mama Jesca. Sheha amesema mbele ya watu. Jina ni langu."

Koleta akaufungua mfuko, akamimina mahindi kwenye sufuria.

"Basi kaa nalo," akasema, akaanza kuchambua maharage.